LDM kwenye seva mbili: nini kihame, nini kibaki

Rada za hali ya hewa za Marekani za aina ya WSR-88D zinakaribia 160. Kila moja humaliza kulipima anga linaloizunguka kwa muda wa dakika nne hadi kumi hivi, kutegemea kama kuna dhoruba au kumetulia, kisha huanza upya papo hapo. Data zake hazisubiri kuombwa. Hutoka kwenye rada, hupita seva moja hadi nyingine, na ndani ya sekunde chache huwa zimefika kwenye vyuo vikuu na vituo vya utafiti vinavyozihitaji. Seva ya kupokea ikizimika dakika ishirini jioni ya kimbunga, dakika hizo ndizo mtafiti atakazozitafuta kesho yake asizione.

Kwa sababu hiyo kila anayesimamia seva ya aina hii hufika siku moja kwenye uamuzi uleule: tununue seva ya pili, tuziunganishe, moja ikianguka nyingine ishike kazi. Uamuzi ni sahihi. Ugumu uko kwenye namna ya kuziunganisha, kwa maana njia inayomjia mtu kwanza kichwani, ile aliyoizoea kwenye hifadhidata za benki au mifumo ya mishahara, kwa LDM, programu inayozisafirisha data hizi, huleta matatizo kuliko inavyoyaondoa.

Programu yenyewe ni Local Data Manager, kwa kifupi LDM. Imetengenezwa na Unidata, kitengo kilicho chini ya UCAR, muungano wa vyuo vikuu vya utafiti wa anga, mjini Boulder, Colorado, na tangu katikati ya miaka ya 1990 ndiyo inayoendesha mtandao wa usambazaji data uitwao IDD. Mtandao huo hautegemei ghala moja ambalo wote hulikimbilia. Chuo hupokea kutoka seva iliyo juu yake, na kinaweza kupitisha zilezile kwa seva zilizo chini yake. Mikondo ina majina yake: NEXRAD2 kwa data kamili za rada, CONDUIT kwa matokeo makubwa ya modeli za utabiri, IDS|DDPLUS kwa taarifa za maandishi. Seva ya chini huandika katika faili la ldmd.conf mstari wa REQUEST unaotaja mkondo na seva ya juu unakoombwa. Seva ya juu nayo iwe na mstari wa ALLOW unaoiruhusu. Baada ya hapo muunganisho hubaki wazi, na kila kinachoingia juu husukumwa chini.

Ndani ya LDM kuna sehemu tatu ambazo lazima zitenganishwe akilini kabla ya kugusa suala la seva mbili. Kuna ldmd, mchakato unaosikiliza kwenye poti namba 388, unaopokea na kutuma. Kuna foleni, ambamo kila kipande cha data hukaa kwa muda. Na kuna pqact, inayosoma foleni na kuamua kila kipande kifanyiwe nini: kiandikwe kwenye faili, kipelekwe kwa programu ya kukitafsiri, au kiachwe kipite.

Foleni ndiyo moyo wa mambo. Ni faili moja la ukubwa usiobadilika, megabaiti 500 kwa mpangilio wa kawaida na gigabaiti nyingi kwenye vituo vikubwa, nalo limefungamanishwa moja kwa moja na kumbukumbu ya mashine ili lisomwe na kuandikwa kwa kasi. Kipande kipya kikikosa nafasi, vya zamani zaidi hufutwa kukipisha. Kila kipande hubeba muda wa kuundwa kwake pamoja na alama ya utambulisho iliyokokotolewa kwa MD5 pale kilipoingizwa kwenye mtandao mara ya kwanza. Alama hiyo haibadiliki njiani. Kipande kikifika kwa njia mbili, foleni hulinganisha alama, hukubali cha kwanza na kukikataa cha pili. Hoja yangu yote katika makala hii imesimama juu ya uwezo huo.

Sasa tuje kwenye klasta ya kupokezana. Kwa namna yake ya kawaida ni seva mbili, diski moja wanayoifikia wote wawili, na anwani moja ya IP inayohama. Seva zinatumiana mapigo mafupi kila baada ya muda mdogo. Mapigo ya ile inayofanya kazi yakikatika, ya pili huchukua diski, huiweka anwani kwenye kadi yake ya mtandao, huitangazia swichi kwamba anwani ile sasa iko hapa, kisha huwasha programu. Kwenye Linux kazi hii hufanywa zaidi na Corosync na Pacemaker. Kama kinachohama ni anwani peke yake, keepalived inatosha.

Ukiichukua picha hiyo jinsi ilivyo na kuiweka LDM ndani yake, foleni itakaa kwenye diski ya pamoja na LDM itawaka upande mmoja tu. Umeme ukikatika kwenye seva ya kwanza, foleni inaachwa ikiwa wazi. Ndani yake kuna hesabu ya michakato iliyoifungua kwa kuandika, na hesabu hiyo haikupata nafasi ya kurudi sifuri. Seva ya pili inapoikuta hivyo, amri ya pqcheck inakataa kuipitisha, na LDM haiwaki mpaka mtu au skripti iikague au iifute na kuunda mpya. Ukiifuta, umepoteza kilekile ulichonunulia diski ya pamoja. Ukiilazimisha, unaendelea na faili ambalo huna hakika kurasa zake za mwisho ziliandikwa zikakamilika.

Wengine hujaribu kukwepa hilo kwa kuiweka foleni kwenye NFS, yaani diski ya mashine nyingine inayofikiwa kupitia mtandao. Hilo lisifanywe. Faili lililofungamanishwa na kumbukumbu, linaloandikwa bila kupumzika na michakato kadhaa inayotegemea kufuli za papo hapo, halina nafasi kwenye diski ya mbali. Wengine huchukua DRBD, inayonakili kila kinachoandikwa kwenye diski ya seva moja kwenda diski ya nyingine. Hiyo inafanya kazi, lakini tazama inachokifanya hasa: inabeba kwenye kebo, saa 24, nakala ya data ambazo seva ya pili ingeweza kuzipokea yenyewe kutoka kulekule zilikotoka. Tena inanakili pamoja na hali ya ile hesabu isiyorudi sifuri.

Halafu kuna hatari kubwa zaidi, pale kebo ya mapigo inapokatika huku seva zote mbili zikiwa nzima. Kila moja inaamini mwenzake amekufa, na zote mbili zinaishika diski. Ni sawa na wauzaji wawili wanaoandika kwenye daftari moja la duka bila kuonana: kila mmoja anaona hesabu yake iko sawa mpaka siku ya kufunga mwaka. Ndiyo maana klasta zenye diski ya pamoja hulazimika kuwa na kifaa ambacho seva inayotaka kushika zamu hukitumia kuikatia mwenzake umeme kabla ya kugusa chochote. Kifaa hicho kinahitaji kununuliwa, kupimwa na kutunzwa, na hapa tunakihitaji kwa ajili ya kulinda foleni ambayo thamani ya yaliyomo ndani yake huisha kwa saa moja au mawili.

Hapo ndipo tofauti ya LDM na hifadhidata inapoonekana. Rekodi ya mshahara ipo mahali pamoja duniani, ikipotea imepotea. Kipande cha data ya rada kiko kwenye foleni za seva nyingi kwa wakati uleule, kikiwa na alama ileile kila mahali. Hakuna sababu ya kuibeba foleni kutoka seva moja hadi nyingine. Kinachopaswa kuhama ni anwani tu, na foleni ibaki kila moja kwenye diski yake.

Kwa hiyo mpangilio ninaoutetea ni huu. Seva zote mbili ziko hai wakati wote. Kila moja ina foleni yake kwenye diski yake ya ndani, na kila moja inaomba mikondo yote, ikiwezekana kutoka seva mbili tofauti za juu. Mkondo ukiombwa kwa seva mbili, LDM huchagua yenyewe iliyo na kasi zaidi na kuitumia kama njia kuu, ambayo husukuma vipande bila kuuliza. Njia ya pili hutangaza kwanza kipande kinachokuja, na kikiwa kimeshafika hukataliwa bila mwili wake kusafiri. Njia kuu ikidorora, zinabadilishana. Gharama ya kuwa na njia mbili ni ndogo kuliko watu wanavyodhani.

Kama wenye seva ya juu hawataki kukupa miunganisho miwili, seva yako ya pili iombe kutoka ya kwanza na ya kwanza iombe kutoka ya pili, kila moja ikiwa na chanzo chake cha nje. Vipande havitazunguka bila mwisho, kwa kuwa alama zitavikataa vinaporudi. Lakini hilo ni kweli pale tu foleni inapokuwa kubwa kiasi cha kukumbuka. Kipande kilichofutwa dakika tatu baada ya kuingia kinaweza kurudi kwa njia ndefu kikapokelewa kama kipya. Foleni ishike angalau saa moja ya data zako zenye shughuli nyingi, na kipimo kichukuliwe siku ya dhoruba, kwani siku ya anga tulivu itakudanganya.

Anwani inayohama ina mambo yake madogo yanayowasumbua watu. LDM kwa mpangilio wa kawaida husikiliza kwenye anwani zote za mashine, na iachwe hivyo. Ukiifunga kwenye anwani moja, anwani inayohama itakapofika haitasikilizwa mpaka uwashe upya. Upande wa kutoka ni kinyume. Seva yako inapoomba data juu, hutoka kwa anwani yake halisi na siyo ile inayohama, kwa hiyo wenye seva ya juu waziruhusu anwani zote mbili halisi, na majina yake yapatikane kwa kuulizwa kinyumenyume kwenye DNS, yaani kutoka namba ya anwani kwenda jina. Nimeona hili likisahaulika mara nyingi: klasta inahama vizuri, kila taa ni ya kijani, na seva ya pili inakataliwa mlangoni kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuiombea ruhusa. Kila seva pia iwe na jina lake katika rejista ya LDM. Zikitumia jina moja, takwimu za ucheleweshaji zinazotumwa Unidata zinachanganyika na hutajua ni ipi inayochelewa.

Tuangalie basi wateja walio chini, waliounganishwa na anwani inayohama, wakati seva ya kwanza inapoanguka. Muunganisho wa TCP hauhami na anwani. Seva ya pili haiujui. Mteja ambaye kazi yake ni kupokea tu anaweza kukaa kimya akingoja, kwa kuwa hajatuma kitu ambacho kingemrudishia jibu la kukataliwa. Baada ya muda wa ukimya uliopangwa atakata, ataita tena anwani ileile, na safari hii atapokelewa na seva ya pili. Katika ombi lake atataja kipande cha mwisho alichopokea kwa alama yake. Seva ya pili, kwa kuwa ilikuwa hai muda wote, inacho kipande hicho kwenye foleni yake na inaanza kumtumia vilivyofuata. Isipokipata, itaanza kwa saa aliyoitaja mteja, na ndiyo sababu seva zote lazima zirekebishwe saa zao kwa NTP. Laiti ingekuwa imewashwa sasa hivi na foleni tupu, isingekuwa na cha kumpa.

Kuna upenyo mmoja hapa ambao ni haki usemwe. Foleni mbili zina vipande vilevile, ila si lazima viwe vimeingia kwa mpangilio uleule. Mteja aliyepokea kipande fulani mwisho kwenye seva ya kwanza anaweza kuanzishwa baada ya kipande hicho kwenye seva ya pili, ambako jirani yake mmoja aliingia mapema kidogo. Jirani huyo anaweza kumpita. Ni dirisha la sekunde chache, lakini kwa anayehifadhi kumbukumbu kamili ni tundu.

Dawa yake ni rahisi. Mteja aandike mistari miwili ya REQUEST, mmoja kwa kila seva kwa anwani yake halisi. Hapo hakuna kinachohama kabisa. Seva moja ikifa, nyingine ilikuwa tayari inamhudumia, na alama zinaondoa marudio. Kwa wateja ambao mafaili yao ya ldmd.conf yako mikononi mwako, au ya mtu unayeweza kumpigia simu, ningependekeza hivi kabla ya klasta yoyote. Anwani inayohama ibaki kwa wale walioandikiwa jina moja miaka iliyopita na hawatalibadilisha.

Unidata wenyewe walipohitaji seva ya juu yenye kuhudumia mamia ya miunganisho, walifuata mawazo haya. Jina idd.unidata.ucar.edu halina mashine moja nyuma yake. Kuna mashine za kukusanya data, kuna seva kadhaa zilizojaa data zilezile, na mbele yake kuna mwelekezaji wa Linux Virtual Server, mradi ulioanzishwa na Wensong Zhang mwaka 1998, anayegawa miunganisho. Seva moja ikitolewa kwa matengenezo, wateja wake wanaunganishwa upya kwa nyingine.

Yote hayo ni upande wa kupokea na kutuma. Upande wa pqact hauna wepesi huo, na ndiko ninakoona klasta nzuri zikiharibu data. Kitendo cha FILE, usipokiambia vinginevyo, huongeza maandishi mwishoni mwa faili. Seva mbili zilizo hai, zikiendesha pqact mbili zinazoandika kwenye diski moja ya pamoja, zitaandika kila taarifa mara mbili. Kwenye faili la maandishi utaona marudio na utasikitika. Kwenye faili la data za tarakimu linalojazwa na programu ya kutafsiri, utapata faili lisilosomeka. Foleni haiwezi kukusaidia hapa, kwa kuwa kila moja ilikubali kipande mara moja tu, kama inavyopaswa.

Njia ya kwanza, na iliyo safi, ni kila seva iandike kwenye diski yake na wasomaji wachague wa kumsoma. Ikishindikana, basi pqact ndiyo pekee iwekwe chini ya Pacemaker, iende pamoja na anwani, na iwe hai upande mmoja kwa wakati. Inapowashwa upande wa pili irudi nyuma kidogo kwa chaguo la -o, tuseme dakika tano, ili isiruke vilivyoingia wakati wa kupokezana. Kurudi huko kutarudia baadhi ya vipande, kwa hiyo vitendo vyake viwe vya kuandika upya faili zima badala ya kuongeza mwishoni.

Swali linalobaki ni nani atakayesema seva imeanguka. Kupima kama mchakato wa ldmd upo hakutoshi hata kidogo. Mchakato unaweza kuwepo, poti ikajibu, na data zikawa zimesimama tangu asubuhi. Kipimo kinachofaa ni umri wa kipande kipya zaidi kwenye foleni, kwa mkondo ambao haunyamazi, kama wa rada. Hata hicho kikitumiwa peke yake ni hatari: chanzo cha juu kikisimama, seva zote mbili zitaonekana mbovu, na anwani itaanza kurushwa huku na huko huku kila ruko likikata wateja wote. Seva iachie anwani pale data zake zilipochakaa na za mwenzake ni mbichi. Zikichakaa zote, kila kitu kibaki kilipo na mtu apigiwe simu.

Kanuni hii ya kuacha nakala zifike kwa njia nyingi na kuondoa marudio kwa alama haikuishia kwa LDM. WIS2, mfumo wa Shirika la Hali ya Hewa Duniani ulioanza kazi rasmi mwaka 2025 na ambao huduma za hali ya hewa za Tanzania, Kenya na jirani zao zinahamia, unatumia itifaki ya ujumbe ya MQTT na madalali wa kimataifa, yaani seva zinazopokea na kusambaza ujumbe, walioko nchi tofauti, zikiwemo Ufaransa, China na Brazil. Mpokeaji anashauriwa kujiunga na zaidi ya mmoja, na ujumbe uliokwisha kupokelewa autupe kwa kuangalia kitambulisho chake. Fundi wa Dodoma au Nairobi aliyeielewa foleni ya LDM atakuta maswali yaleyale yakimsubiri huko, pamoja na lile la mafaili yanayoandikwa mara mbili.

Kabla ya kuikabidhi klasta kwa watumiaji, ichomolewe umeme kweli. Ikatwe kebo ya mapigo peke yake, halafu kebo ya mtandao peke yake, kwa kuwa ni ajali tofauti. Mchakato wa ldmd usimamishwe kwa kill -STOP, ambapo upo lakini haufanyi kitu, kisha itazamwe kama kipimo chako kinaligundua hilo. Mwisho irudishwe seva iliyotengenezwa, na hapa Pacemaker izuiwe kuirudishia anwani papo hapo, kwa kuupa ustahimilivu wa kubaki (resource-stickiness) uzito wa kutosha. Seva inayorudi ina foleni yenye pengo la muda wote iliyokuwa imelala. LDM huomba kurudi nyuma kwa kiasi cha saa moja kwa mpangilio wa kawaida, kwa hiyo pengo fupi hujazika ikiwa seva ya juu bado inavyo vipande hivyo, na pengo refu halijaziki. Iache ipokee mpaka foleni yake ishike muda uleule na ya mwenzake, ulinganishe kwa pqmon, amri inayoonyesha hali ya foleni, kila upande, ndipo uirudishe kwenye zamu kwa mkono wako.